Santuri za marehemu baba zimeota kuvu: nianzie wapi kabla ya kuzipiga?

Mrithi wa Magomeni

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wanaozijua santuri kwa vitendo, kwa sababu maneno ninayoyapata mtaani yanapingana.

Marehemu baba ametuachia makasha kadhaa ya santuri ambayo kwa miaka mingi yalikaa katika chumba cha uani hapa Magomeni, chini ya bati, yakiegemea ukuta unaovuta unyevu kila masika. Ndani yake kuna mchanganyiko. Zipo santuri ndogo za kasi ya 45 (yaani mizunguko 45 kwa dakika) za bendi za nyumbani, kama NUTA Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz. Zipo kubwa za kasi ya 33, nyingi zikiwa za Kikongo. Na chini kabisa zipo nzito, nene, za taarabu, ambazo shangazi anasema zilitoka kwa bibi Unguja. Makava ya karatasi yana madoa ya kahawia, baadhi ya santuri zina utando mweupe, na chache zimepinda kiasi cha kuonekana wazi.

Jirani ananiambia nizioshe zote kwa sabuni ya vyombo kisha nizifute kwa spiriti. Mwingine anasema nisithubutu kuzitia maji. Binamu yangu ameniletea kutoka Marekani mashine ya kupigia santuri iliyoandikwa volti 120, nami nimenunua transfoma ya kushusha umeme, lakini sijaiwasha. Ndugu zangu wa mikoani wanasubiri nizirekodi kwenye kompyuta ili nao wapate kuzisikiliza. Je, nianze na lipi? Na baada ya kuzisafisha, nizihifadhi vipi katika hali ya hewa hii ya kwetu?

---

Bi Upanga

Pole kwa kufiwa, mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuziingiza kwenye beseni.

Kwanza kabisa zitenge kwa kufuata kile kilichozitengeneza. Zile nzito za bibi yako, ambazo bila shaka utakuta zimeandikwa 78, si plastiki. Zimetengenezwa kwa lakiri, yaani utomvu unaotolewa na wadudu wa mitini, ukachanganywa na unga wa mawe. Ukiigonga kwa kucha hutoa mlio mkavu, na ikianguka huvunjika kama kigae. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, zilitoka katika santuri za aina hiyo, na ndizo zilizotawala hadi miaka ya 1950. Spiriti huyeyusha lakiri. Ukiipitisha hapo, kitambaa kitatoka cheusi na mifereji ya sauti itakuwa imeondoka nacho. Kwa hiyo chupa ya spiriti iweke mbali kabisa na santuri za taarabu, na ukiwa na shaka kuhusu santuri yoyote, ihesabu kuwa ni ya lakiri mpaka utakapothibitisha vinginevyo. Zile za 45 na 33 ni za vinili. Hupindika kidogo mkononi bila kuvunjika, nazo huvumilia zaidi.

Pili, chunguza huo utando mweupe chini ya mwanga wa pembeni. Unaweza kuwa mojawapo ya vitu viwili. Ikiwa umekaa kwa mabaka na madoa yanayotoka kwa kidole chenye unyevunyevu, hiyo ni kuvu. Ikiwa unafuata mikunjo ya mfuko wa plastiki uliokuwa umeifunika santuri, na haufutiki kwa kitu chochote, basi mfuko wenyewe ndio uliotoa kemikali zake zikaingia kwenye vinili. Mifuko laini ya zamani ya PVC ina tabia hiyo. Hilo la pili halioshwi. Utapiga santuri hiyo pamoja na mkwaruzo wake, na mfuko utautupa.

Kuvu iondoe ikiwa kavu, tena nje ya nyumba, ukiwa umevaa barakoa, kwa brashi laini ambayo hutaitumia kwa santuri nyingine. Usiifanyie kazi hiyo sebuleni chini ya feni, kwa sababu vumbi lake litahamia kwenye santuri zilizo salama, na pia si jambo jema kulivuta puani.

Kuhusu maji, nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wa jiji hili wanapoharibu. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na hata ya bomba yana madini. Yakikauka ndani ya mfereji wa sauti huacha chembe ambazo sindano itazigonga kila mzunguko. Tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza katika betri za magari. Soma chupa kwa makini, kwa maana kwenye rafu hiyo hiyo huuzwa pia asidi ya betri, na wauzaji wengine huziita zote mbili maji ya betri.

Katika lita moja ya maji hayo tia matone machache tu ya sabuni isiyo na rangi, harufu wala mafuta ya kulainisha mikono. Shika santuri kwa ukingo na katikati tu. Lebo ifunike kwa vifuniko viwili vya plastiki vilivyobanwa pande zote mbili, kwa kuwa wino wa lebo nyingi za 45 huchuja mara moja. Lowanisha uso, kisha pitisha brashi yenye nywele laini ukifuata mzunguko wa mifereji. Usiikate kwa kwenda kutoka katikati hadi ukingoni. Suuza kwa maji mengine yaliyokenekwa yasiyo na sabuni, kisha zisimamishe kwenye kichanja cha kukaushia vyombo, kivulini, mahali pasipo na upepo wa vumbi. Santuri za lakiri hazihitaji kulowekwa hata kidogo: kitambaa chenye unyevu, suuza upesi, kausha hapo hapo. Zenye ufa usizitie maji, kwa sababu baadhi yake zina karatasi katikati, na karatasi ikivimba uso wote hubanduka.

Kwa santuri za vinili zenye mafuta ya vidole yaliyogoma, mimi huongeza sehemu moja ya pombe ya kusafishia simu, ile ya mafundi wa Kariakoo, kwa sehemu nne za maji. Si spiriti ya zambarau, ambayo huacha rangi.

---

Fundi Gerezani

Kaka, ninaunga mkono yote aliyoyasema Bi Upanga, nami nitajibu la mashine tu.

Transfoma yako itakuokoa na volti, lakini haitakuokoa na masafa ya umeme. Marekani umeme wao hutetema mara 60 kwa sekunde, na huku kwetu ni mara 50. Transfoma hushusha volti 230 kuwa 120 na kuyaacha masafa yalivyo. Mota nyingi za mashine za zamani zilifuata masafa hayo ili kupata kasi yake, kwa hiyo hapa Dar es Salaam itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita. Santuri ya kasi ya 33 itazunguka kama mara 28 kwa dakika, na mwimbaji uliyemzoea atasikika mnene na mzito, kana kwamba anaimba akiwa mgonjwa.

Geuza mashine usome kibati cha nyuma. Kama kimeandikwa 50/60, huenda kuna puli mbili au swichi ya kubadilisha. Kama mota ni ya umeme mnyoofu, inayolishwa na kiadapta, au kama mashine inaongoza kasi yake kwa kioo cha kwatzi, jambo hili halikuhusu. Kama kimeandikwa 60 peke yake na inavutwa kwa mkanda, utahitaji puli ya mota yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa sehemu moja ya tano. Puli hiyo huchongwa, lakini kwa fundi wa kuchonga vyuma mwenye mkono wa makini, maana ikiwa haikukaa sawasawa na mhimili utasikia sauti ikiyumba kila mzunguko.

Kuhakiki kasi hakuhitaji kifaa. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani inayozunguka, weka saa, kisha hesabu. Kwa kasi ya 33 na theluthi lazima upate mizunguko 100 kwa dakika 3. Ukipata kama 83, umeshajua tatizo ni masafa.

Kabla ya kuweka santuri yoyote ya baba juu yake, sawazisha meza kwa pima maji, kisha pima uzito ambao sindano huikandamizia santuri. Mizani ndogo ya kidijitali, kama ile ya masonara, inatosha. Vichwa vingi vya sumaku, yaani vile vinavyobeba sindano, hutaka kati ya gramu 1.5 na 2, ingawa kauli ya mwisho ni ya mtengenezaji wa kichwa chenyewe. Watu hudhani kwamba sindano nyepesi mno huilinda santuri, na sivyo: sindano isiyotulia huruka ndani ya mfereji na kuzipiga kuta zake, na madhara yake ni makubwa kuliko ya ile iliyozidi kidogo.

Halafu ununue sindano nyingine kwa ajili ya zile za 78. Mfereji wake ni mpana mara kadhaa. Ncha ya sindano yake ni kama mikroni 76, ilhali ya santuri kubwa za stereo ni kama 18. Ukiingiza ndogo ndani ya pana itasugua sakafu ya mfereji, mahali palipojaa taka, na hutasikia isipokuwa mkwaruzo. Nayo gramafoni ya kuzungusha kwa mkono yenye sindano za chuma, kama mnayo, isikaribie kabisa vinili.

---

Mrithi wa Magomeni

Shikamoo Bi Upanga, na asante sana fundi. Nimezitenga tayari, na kweli zile za bibi zote zimeandikwa 78. Kibati cha mashine kimeandikwa 60 peke yake, na nimefungua nikaona mkanda wa mpira.

Swali la kuhifadhi bado linanisumbua. Chumba cha uani hakifai tena. Sebuleni kuna kiyoyozi ambacho tunakiwasha jioni tu, na chumbani hakuna. Shangazi anashauri niweke vidonge vya nondo ndani ya kabati, na seremala amenipimia kabati la mbao laini lenye milango ya kufunga. Niendelee naye?

---

Mhifadhi Mstaafu

Nimefanya kazi ya kutunza kumbukumbu za sauti na karatasi kwa muda mrefu, na ningependa kuongeza mambo yanayoihusu pwani hii, kwa sababu maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi ambao hofu yao kubwa ni hewa kavu na umeme tuli. Sisi shida yetu ni kinyume chake.

Maghala ya kumbukumbu hulenga nyuzi joto za wastani wa 18 hadi 21 na unyevu wa chini ya asilimia 50. Nyumbani kwako hutafika huko, wala usijilaumu. Unachoweza kukifanikisha ni hali isiyobadilika ghafla, na hapo ndipo kiyoyozi cha jioni kinapokuwa adui. Mwezi Machi au Aprili, hewa ya nje ya Dar es Salaam imebeba unyevu kiasi kwamba kitu chenye ubaridi wa nyuzi 20 kikikutana nayo hutoa jasho. Ukipoza sebule hadi usiku, ukazima na kufungua madirisha alfajiri, santuri na makava yake yatalowa bila wewe kuona tone lolote, na jambo hilo litajirudia kila siku. Chumba chenye joto la kawaida, kinachopitisha hewa, kisichopigwa na jua, ni bora kuliko chumba kinachopozwa saa chache kisha kuachwa.

Seremala mwambie aache upande wa nyuma wazi au autoboe matundu mengi, na kabati lisigusane na ukuta wa nje. Acha nafasi ya kupitisha kiganja cha mkono. Liinuliwe kutoka sakafuni kwa miguu, ili mchwa waonekane kabla hawajafika kwenye makava, kwa kuwa karatasi na gundi ya makava ndiyo chakula chao na cha mende pia. Mbao ziwe imara. Santuri kubwa 100 pamoja na makava yake hukaribia kilo 25, na rafu nyembamba itajikunja katikati. Weka vigawanyo vya wima kila baada ya nafasi fupi, ili santuri zisimame wima kabisa bila kuegemeana. Santuri iliyoegemea upande kwa miezi katika joto letu hupinda, na iliyolazwa chini ya rundo hubeba mzigo wa wenzake.

Vidonge vya nondo usiviweke. Mvuke wake hujaa ndani ya kabati, huganda juu ya vitu na unaweza kuathiri plastiki. Paketi za chembechembe za kufyonza unyevu zinasaidia ndani ya kasha linalofungika vizuri, lakini ndani ya kabati lenye matundu zitashiba unyevu siku chache tu na kubaki pambo. Kwa zile za bibi, ambazo ni chache, kasha la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na paketi hizo ni njia nzuri, mradi uzibadilishe au uzikaushe mara kwa mara, na mradi santuri zenyewe zimekauka kabisa kabla ya kufungiwa.

Mifuko ya ndani iwe ya polithini, au ya karatasi isiyo na asidi. Usirudishe santuri iliyosafishwa ndani ya mfuko wa zamani wenye kuvu. Mfuko uliochapishwa jina la kampuni au la duka, wala kava lenye maandishi, usiutupe. Usafishe kwa brashi kavu na uuhifadhi pembeni, maana huenda ukawa ndiyo kumbukumbu pekee ya mahali santuri hiyo ilipouzwa.

Natofautiana na Bi Upanga katika jambo moja, naye atanisamehe. Mimi sitii pombe hata kwenye vinili. Katika kazi yetu tulitosheka na maji safi na kitone cha sabuni laini, na yaliyogoma tuliyaosha tena.

---

Bi Upanga

Sina cha kukusamehe, kaka. Kwa maktaba uko sahihi. Mimi naendelea kuitumia kwa santuri zilizopita kwenye baa na kumbi za dansi, ambazo moshi na mafuta vimegandamana humo kwa miaka 50, lakini kwa mtu anayeanza, naafiki aiache. Mwanangu, fuata njia ya mzee huyu.

---

Fundi Gerezani

Kwa kuwa ni mkanda na 60 peke yake, ing'oe puli uje nayo kwa fundi wa kuchonga ikiwa ndani ya kitambaa, na usiitupe baada ya kupata mpya. Mkanda nao pengine umelegea. Ukiuona una nyufa ndogo ndogo, badilisha pamoja na puli, la sivyo utahangaika kutafuta kasi ambayo haitatulia.

Kuhusu kurekodi: kutoka kwenye mashine hadi kwenye kompyuta lazima upitie kikuza sauti cha santuri, kwa kuwa kichwa cha sumaku hutoa milivolti chache tu, na pia santuri zilikatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa. Kikuza sauti hicho ndicho kinachorudisha uwiano. Ukikiruka utapata sauti ya bati. Waya mdogo wa athi unaotoka nyuma ya mashine ufunge kwenye skrubu yake, vinginevyo utasikia mngurumo mfululizo chini ya muziki. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96, bila kuchuja mkwaruzo wowote, na hiyo iwe nakala mama. Kuchuja ufanye kwenye nakala nyingine. Itakugharimu kama megabaiti 35 kwa dakika, kwa hiyo nunua diski mbili, moja ikakae kwa ndugu yako wa mkoani.

Usisahau kwamba nyimbo nyingi za 45 za wakati ule zilikatwa sehemu mbili, ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. Rekodi pande zote mbili hata kama upande mmoja umechakaa. Na umeme ukikatika sindano ikiwa juu ya santuri, inua mkono wa sindano kabla umeme haujarudi, kisha uzime swichi. Mshtuko wa umeme unaporudi ndio unaoua vikuza sauti, hivyo stabilaiza si anasa.

---

Mhifadhi Mstaafu

Niongeze moja katika hilo la kurekodi. Kabla ya kuanza, andika daftari: jina la bendi, nyimbo za pande zote mbili, namba ya lebo, na ile namba ndogo iliyochorwa kwenye vinili yenyewe karibu na lebo. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na nyingi za bendi zetu zilifyatuliwa Nairobi. Namba hizo ndizo zinazomwezesha mtafiti kuzifuatilia. Faili lisilo na maelezo, hata likiwa na sauti safi, baada ya kizazi kimoja hakuna atakayejua ni la nani.

---

Mrithi wa Magomeni

Nimeelewa, na seremala nimeshampa mabadiliko. Nimebakiwa na swali la zilizopinda. Rafiki amenishauri niziweke juani zilainike halafu nizikandamize. Na ipo moja ya 78 yenye ufa kutoka ukingoni.

---

Bi Upanga

Jua la saa saba za mchana hapa Dar es Salaam litaipinda zaidi kabla hujaikandamiza, na mifereji italainika pamoja na santuri. Iliyopinda kidogo ipige hivyo hivyo. Ukiona mkono wa sindano unapanda na kushuka taratibu bila kuruka, sauti itakuwa sawa. Iliyopinda sana, kama ni ya vinili na imeshasafishwa, iweke katikati ya vioo viwili vinene vilivyonyooka, juu weka vitabu vizito, chumbani penye kivuli, uiache wiki kadhaa bila kuifungua kila mara. Wakati mwingine husaidia, wakati mwingine haisaidii. Ya lakiri usiijaribie hilo, kwa kuwa hupasuka.

Yenye ufa irekodiwe na mtu mwenye uzoefu, mara moja tu, na santuri iwekwe kwa namna ambayo sindano inaupita ufa kutoka upande ulioinuka kwenda ulioshuka. Ukishindwa kumpata mtu huyo, ihifadhi kwanza ikiwa imelala peke yake juu ya kitu kilichonyooka, kwa maana ncha ya sindano ya 78 ikijikwaa hapo huvunjika, na kupata nyingine hapa mjini ni kazi.